Samansi Isiyo na Mlango

Kazi yangu ni kupeleka karatasi.
Miaka kumi na tisa, baiskeli ileile.
Ngamiani naijua kwa namba:
Barabara ya Saba hujificha chooni,
Barabara ya Kumi na Tatu hunipa chai kwanza
ndipo wakane jina.
Kila samansi ina mlango wake.
Hii ya leo haina.

Mdai: Mwanakheri Singano, muuguzi, Makorora.
Mdaiwa: hapo karani aliacha nafasi,
akaijaza kwa penseli, akafuta, akajaza,
mpaka karatasi ikaota manyoya.
Mwishowe kaandika: Mtandao wa Singa.
Na penye anwani: Kila mahali, Tanga.

Nimewahi kumfuata mtu hadi Pangani.
Nimewahi kumpelekea marehemu, arobaini haijafika.
Kila mahali sijawahi kufika.

Vijana wenyewe nawajua.
"Hatuna bosi," waliniambia, "wala makao makuu.
Habari tunaichana kama jani la mkonge:
singa moja kwa fundi cherehani,
moja kwa muuza barafu,
nyingine juu ya kabati la mama yake Sempombe, Duga.
Kata moja, kamba ipo.
Choma nyumba, neno lipo."
Niliwapigia makofi, sifichi.
Mwaka ule orodha ya viwanja ilipotoweka ofisini
ilikutwa kwenye visanduku vyao, majina yote,
na la shangazi yangu, na mipaka yake,
na minazi minne.

Visanduku vilevile vikatunza uongo.
Mtu asiye na jina aliandika kwamba Mwanakheri
huiba dawa za wodi ya wazazi akaziuze.
Mistari mitatu, akaenda kulala.
Mwanakheri hajalala.
Mgandini wanamhesabia nyanya bila kumtazama.
Aliwafuata akaomba: futeni.
Wakamwonyesha, kwa upole, kwa michoro,
kwamba kufuta hakumo humo.
Hawakukusahau; walikaa kikao wakakukataa.
"Ndio uzuri wake, dada."
Uzuri.

Hakimu aliuliza: mwenye mtandao ni nani?
Mheshimiwa, hauna mwenye.
Nani anauendesha?
Kura, Mheshimiwa.
Nani hupiga kura?
Wakili akasoma majina: Papa Kigogo, Sifuri,
Mjukuu wa Nyuki.
Watu wakacheka.
Mwanakheri alikuwa akikunja leso, akiikunjua.

Na sheria ikikosa shingo
hushika sikio lililo karibu.
Jumanne walimchukua Mwajabu, yule fundi,
kwa kuwa kisanduku kilikuwa chini ya meza yake.
Walikuwa wakimlipia umeme wa elfu tano kwa mwezi.
Yeye alidhani king'amuzi.
Duka limepigwa kufuli, na humo ndani
kuna magauni matatu ya harusi, moja la Ijumaa hii.

Hapo ndipo ikajulikana
kwamba jina la mtandao hulipiwa kila Januari
kwa kadi moja, kadi ya Sempombe;
kwamba katika funguo tatu, mbili
zimo kwenye simu yake, ile iliyopasuka kioo.
Siku ya sifa ulikuwa na mwenye.
Siku ya samansi ukawa singa.

Basi niko Duga, baiskeli nimeiegemeza ukutani.
Mama anafungua, mikono imejaa unga.
Sempombe hayupo. Simu yake haipatikani.
Namwambia, mtu mzima wa nyumba anaweza kupokea.
Anaipangusa mikono kwenye kanga,
anaishika kalamu yangu kama sindano.
"Nikitia saini, baba,
nitakuwa nimekubali nini?"

Fomu yangu haina nafasi ya swali hilo.
Nyuma yake, juu ya kabati,
kijitaa cha kijani kinapepesa:
kinapokea, kinatunza,
hakijamuuliza mtu.